Penye Mawimbi na Milango: Uvuvi wa Mwambani na Methali Tunazozisoma Bara

Utangulizi

Kwa mwanafunzi anayesomea Keumbu, katika nyanda za juu za Kisii, bahari ni jambo la kitabuni kabla ya kuwa jambo la macho. Eneo hilo liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na safari ya barabara kutoka huko hadi Mombasa ni ya takriban kilomita 800. Samaki wanaojulikana sokoni Keumbu ni wa Ziwa Viktoria: omena waliokaushwa juani, ngege na mbuta. Ekegusii kina neno enswe kwa maana ya samaki na enyancha kwa maana ya ziwa, lakini ziwa hilo halipwi wala halijai kwa namna ambayo mtu aliyesimama ufuoni anaweza kuiona. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo hutahiniwa kuhusu methali, misemo na mashairi yaliyotungwa na watu ambao riziki yao ilitegemea kupwa na kujaa kwa maji.

Matokeo yake ni kwamba methali za bahari hufunzwa kama orodha: methali upande huu, maana upande ule. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba nyingi ya methali na misemo hiyo ni muhtasari wa uchunguzi wa kina uliofanywa na wavuvi na mabaharia, na kwamba msomaji akiifahamu kazi yenyewe, maana aliyoikariri hupata sababu, na pengine hubadilika. Tutajifunga na aina moja ya uvuvi, yaani uvuvi wa mshipi kwenye miamba ya pwani ya Kenya. Uvuvi huu unahitaji vifaa vichache na maarifa mengi, na ni maarifa hayo ndiyo yaliyoingia katika lugha.

Mwamba na Mlango

Msomaji wa bara akikutana na neno mwamba huwaza jabali lililo mlimani. Mwamba wa pwani ni kitu tofauti. Sehemu kubwa ya ufuo wa Kenya, kutoka Shimoni hadi Malindi, imekaa juu ya mawe yaliyotokana na matumbawe ya kale. Matumbawe hayo yaliishi zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Bahari iliposhuka, yaliachwa nchi kavu yakawa mawe makali yenye matundu na mapango, na mawimbi yamekuwa yakiyala kwa chini hadi leo. Huko nje, umbali wa takriban nusu kilomita hadi kilomita 2 kutoka ufuoni, kuna mwamba mwingine ulio hai, unaokwenda sambamba na pwani na kuyavunja mawimbi ya bahari kuu kabla hayajafika nchini.

Mwamba huo wa nje una nafasi. Mahali ambapo mito na hori huingia baharini, kwa mfano Mtwapa, Kilifi na Kilindini, matumbawe hayakustawi kwa sababu ya maji baridi ya mito na tope, nayo njia ikabaki wazi. Njia hiyo huitwa mlango. Ndiyo inayopitisha vyombo kuingia bandarini, na ndiyo inayopitisha samaki pamoja na mkondo wa maji.

Sasa tuitazame methali inayosema: penye mawimbi na milango i papo. Kwa kawaida hufafanuliwa kwamba penye shida hapakosi njia ya kutokea. Maana hiyo ni sahihi, lakini mwanafunzi aliyezoea mlango wa nyumba hubaki akijiuliza mlango unafanya nini katikati ya mawimbi. Nahodha hakuwa na swali hilo. Alijua kwamba mstari mweupe wa mawimbi ndio unaomwonyesha mwamba ulipo, na kwamba pale ambapo mstari huo umekatika ndipo penye mlango. Kwa hiyo mawimbi si kizuizi tu. Ni alama ya kuutafutia mlango. Methali haisemi tu kwamba shida ina njia. Inasema kwamba anayeitazama shida yenyewe kwa makini ndiye atakayeiona njia.

Mwezi, Maji na Upepo

Mvuvi wa mwambani hapangi siku yake kwa saa ya ukutani. Maji hujaa kwa muda wa saa 6 hivi, kisha hupwa kwa muda kama huo, na kila siku mpango huo huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na hapo huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti kati ya maji makuu na maji ya chini huko Mombasa hufikia karibu mita 4 nyakati hizo. Mwezi unapokuwa nusu, huja maji mafu, ambayo hupanda kidogo na kushuka kidogo.

Katika siku za bamvua, maji ya pwani ya Kenya hupwa kabisa kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, na mara ya pili usiku. Huo ndio wakati wa kutembea juu ya mwamba kwa mguu ukitafuta pweza katika matundu yake. Mgeni anaweza kupita juu ya tundu hilo mara kumi asione kitu, kwa kuwa pweza hubadili rangi na umbo la ngozi yake akafanana na jiwe. Mwenyeji huona mabaki ya makombe na kaa yaliyolundikana mlangoni mwa tundu, akajua kwamba mwenye nyumba yumo. Ndiyo sababu ikasemwa kuwa mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Maji yanapoanza kurudi, samaki wadogo na kaa husogea nayo juu ya mwamba, na samaki wakubwa huwafuata. Hapo sasa ndipo mshipi unapotupwa.

Msamiati wa kupwa na kujaa umeenea katika lugha kuliko tunavyodhani. Neno pwani lenyewe limebeba mzizi wa pwa pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Ni mahali pa kupwa kwa maji. Chombo kilichoachwa juu ya mchanga kwa kuwa maji yameondoka huwa kimepwelewa, na mtu aliyeishiwa na la kufanya naye pia husemwa amepwelewa. Methali maji yakijaa hupwa hufasiriwa darasani kwamba neema haidumu. Msomaji wa bara huwaza mto uliofurika kisha ukakauka. Mvuvi yeye anajua jambo jingine: kwamba kupwa kuna wakati wake unaojulikana, na kwamba maji yaliyopwa yatajaa tena baada ya saa 6. Kwa hiyo methali hiyo inaweza kusomwa kama onyo kwa aliyenacho na vilevile kama subira kwa aliyekosa. Mhakiki anayeijua nusu ya kwanza tu atakuwa ameikata methali katikati.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi, bahari ikawa shwari na maji yakawa maangavu. Kusi huanza kushika nguvu mwezi wa Aprili au Mei hadi Septemba, na bahari huchafuka kiasi kwamba vyombo vidogo vingi hubaki ufuoni. Kila mwanafunzi wa Keumbu hutumia maneno kaskazini na kusini katika somo la jiografia, na ni wachache wanaoambiwa kwamba ni majina ya upande unakotoka upepo wa kaskazi na upepo wa kusi. Ramani ya darasani, kwa Kiswahili, imeandikwa na mabaharia.

Mshipi na Viungo Vyake

Vifaa vya uvuvi huu ni vichache. Kuna mshipi, ambao siku hizi ni uzi wa nailoni, kuna ndoana, kuna chambo, ambacho aghalabu ni kipande cha pweza, cha ngisi au cha samaki mdogo, na kuna chubwi, yaani kizito kinachoushusha mshipi chini, kiwe jiwe au kipande cha risasi. Mvuvi hushika mshipi kwa vidole, bila ufito, na kidole ndicho kinachosoma yanayotendeka asikokuona. Samaki anayedona hugusa chambo na kuacha, akagusa tena na kuacha. Anayemeza huvuta moja kwa moja. Mvuvi akivuta wakati wa kudona hupoteza chambo. Akichelewa wakati wa kumeza hupoteza samaki.

Adui wa kwanza wa mvuvi huyu ni mwamba wenyewe. Chubwi huingia katika ufa na kunasa, na mvuvi akivuta kwa nguvu, mshipi wote hukatika, akapoteza ndoana na pengine samaki aliyekuwa juu yake. Ipo mbinu iliyoenea miongoni mwa wavuvi wa miambani duniani: chubwi hufungwa kwa uzi mwembamba kuliko mshipi. Likinasa, uzi huo ndio unaokatika, na mvuvi hupoteza jiwe tu.

Tunayo methali isemayo kamba hukatikia pembamba. Darasani hufafanuliwa kuwa mnyonge ndiye anayeumia mambo yanapoharibika. Fasiri hiyo imekubalika na haina dosari. Hata hivyo, mbinu ya chubwi inatuonyesha upande mwingine: wapo wanaoiweka sehemu nyembamba makusudi, ili ikatike badala ya kitu chenye thamani. Mhakiki wa riwaya za kisiasa anaweza kufaidika na fasiri hiyo. Anapomwona mhusika mnyonge akiangamia, hana budi kuuliza si tu kwa nini alikuwa mwembamba, bali pia nani alimfunga pale.

Wakazi wa Mwambani

Samaki mashuhuri wa mwambani ni chewa. Ana kinywa kipana, mwili mnene na madoa yanayofanana na mawe anamoishi. Hakimbizi windo mbali. Hukaa mlangoni mwa pango lake akangoja, kisha hufumbua kinywa ghafla na windo likavutwa ndani pamoja na maji. Akinaswa na ndoana, hurudi pangoni mara moja, akatanua mashavu na miiba yake, akajikaza humo. Hapo nguvu hazisaidii. Mvuvi mjuzi ama humwopoa kabla hajageuka, ama huulegeza mshipi akasubiri mpaka chewa mwenyewe adhani hatari imepita na kutoka. Aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike, kisha baadhi yao hugeuka kuwa madume wanapokuwa wakubwa. Kwa hiyo wakubwa wakivuliwa wote, wanaosalia wanaweza kukosa madume ya kutosha. Jambo hilo tutalirudia.

Jirani wa chewa ni pono. Huyu ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, naye huyagugunа mawe ya matumbawe, akayasaga na kuyatoa yakiwa mchanga. Kiswahili kina msemo wa kulala usingizi wa pono, yaani usingizi mzito usio na habari. Wapo wanaodhani kuwa pono ni jina lililochaguliwa kwa ajili ya sauti yake tu. La hasha. Pono hulala kweli usiku, amejibanza katika nyufa za mwamba, na aina kadhaa hujitolea ute unaowafunika mwili mzima kama chandarua hadi asubuhi. Aliyeuanzisha msemo huo aliwahi kumwona pono usiku, akamkaribia, na pono hakukimbia.

Wapo pia changu, ambao huja kwa makundi na kula kaa na wanyama wengine wadogo wa chini. Tafi, walao majani ya baharini. Kamba wa mawe, wenye miiba na papasi ndefu. Na mkunga, mwenye umbo la nyoka, anayeuma. Majina haya yanamtia mwanafunzi wa bara katika mtego wa aina yake, kwa kuwa mengi yana maana nyingine aliyoizoea zaidi. Mkunga kwake ni mzalishaji, kamba ni ya kufungia ng'ombe, na taa ni ya kuwashia usiku, ilhali taa wa baharini ni samaki mpana mwenye mkia mrefu. Mshairi wa pwani anaweza kuzicheza maana hizo mbili katika mshororo mmoja. Msomaji mwenye maana moja tu atausoma mshororo huo vizuri, tena kwa ufasaha, na asijue kwamba ameachwa nje ya mchezo.

Mwani wa Maji Baridi

Inafaa kutaja kwa ufupi kwamba uvuvi wa miambani haufanani kote. Katika pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, miamba imezungukwa na mwani mkubwa unaosimama kutoka chini hadi juu kama msitu, na humo huvuliwa samaki wa jenasi ya Sebastes, ambao baadhi yao huishi zaidi ya miaka 100. Mwani wa namna hiyo hutaka maji baridi, na ndiyo sababu hauoti kwetu. Mwani tunaoujua ni ule mfupi, ukiwemo unaolimwa Zanzibar na huko Kibuyuni, Kwale.

Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda Amerika kuuona mwani mkubwa. Katika pwani ya Dhofar, kusini mwa Oman, nchi iliyo na mahusiano ya karne nyingi na Waswahili, upepo wa miezi ya Juni hadi Septemba huyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi kutoka vilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Hapo mwani mkubwa huota juu ya miamba kwa msimu. Upepo huo ni sehemu ya mfumo ule ule wa kusi unaowaweka wavuvi wetu nyumbani. Kiswahili hakina jina mahususi la mwani huo, na mtafsiri atalazimika kusema msitu wa mwani. Pengo hilo si aibu. Lugha hutaja kwa undani kile ambacho wenyewe walikigusa kwa mikono, na ndiyo maana wingi wa majina ya samaki wa matumbawe katika Kiswahili ni ushahidi wa kihistoria.

Maneno Yaliyo Hatarini

Huenda msomaji akahoji: methali huishi kwa matumizi, si kwa asili yake. Mtu anaweza kusema mambo yamekwenda mrama akaeleweka, bila kujua kwamba mrama ni kuyumba kwa chombo majini. Hoja hiyo ina uzito, na hatudai kwamba mtu wa Keumbu hawezi kukitumia Kiswahili mpaka aloweshwe na maji ya chumvi. Kiswahili ni lugha ya taifa na, kwa Katiba ya 2010, ni lugha rasmi pia. Ni mali ya Keumbu kama kilivyo mali ya Lamu. Lakini kutumia ni jambo moja, na kuhakiki na kutunga ni jambo jingine. Anayetumia msemo bila kuijua picha iliyo ndani yake hawezi kuipanua picha hiyo, wala hawezi kutambua mwandishi mwingine anapoipanua. Mpiga mbizi nchi kavu, walisema wahenga, huchunuka usoni.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba hata huko pwani picha yenyewe inafifia. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda kupita kiasi na kuua sehemu kubwa ya matumbawe katika magharibi ya Bahari ya Hindi. Uvuvi wa kupita kiasi na nyavu zenye matundu madogo umewapunguza chewa wakubwa, ambao kama tulivyoeleza ndio tegemeo la uzazi. Zipo juhudi za kuokoa hali hiyo: hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na huko Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua katika miaka ya 2000 kufunga sehemu ya bahari yao ili samaki wapate kuzaana. Lakini mahali ambapo samaki ametoweka, jina lake hubaki midomoni mwa wazee kwa kizazi kimoja, kisha huondoka. Kijana ambaye hajawahi kuvua chewa hana haja ya neno la kutofautisha aina zake.

Jambo hili liliwahi kutambuliwa na Ahmad Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017. Katika utungo wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, aliueleza ujenzi wa jahazi pamoja na msamiati wake, na katika Umbuji wa Mnazi alifanya vivyo hivyo kwa mnazi. Kwake shairi lilikuwa pia ghala la maneno ya kazi. Uvuvi wa mwambani nao unastahili ghala kama hilo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mlango, bamvua, chubwi na pono si mapambo ya lugha, bali ni maarifa yaliyofupishwa. Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa methali katika shule za bara waieleze kazi kabla ya kuitaja maana. Mchoro wa mwamba na mlango wake ubaoni hauchukui dakika 5. Pili, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinapoandaa safari za pwani, viwaendee wavuvi wakati wa bamvua, vikusanye majina ya samaki, ya vifaa na ya sehemu za mwamba, na kuyaandika pamoja na jina la kijiji yalikosikika, kwa kuwa jina la Vanga huenda lisiwe la Faza. Tatu, wanafunzi wanaotoka maeneo ya Ziwa Viktoria na milima ya Gusii wafanye kazi kama hiyo nyumbani kwao. Omena wana mwezi wao, mitego ina majina yake, na Ekegusii na Dholuo zina methali zinazongoja msomaji atakayeuliza kwanza jinsi kazi inavyofanywa.

Wazee wanaoyajua maneno hayo wangalipo. Bamvua ijayo haina zaidi ya majuma mawili.